Bordeaux na Rioja mezani pamoja, za 2020, 2016 na 2005, ipi ni ipi

Kila mgeni akija kwangu akakuta chupa mezani swali ni lile lile, eti dada, kati ya mvinyo wa Ufaransa na wa Hispania upi mzuri? Na mi kila mara nataka niulize kwanza, wa umri gani? Maana hapo ndo ugomvi wote ulipo jamani. Ukichukua Bordeaux ya Ufaransa ya miaka mitano na Rioja ya Hispania ya miaka mitano ukaziweka pamoja, miaka ni ile ile ila malezi siyo yale yale, moja, Rioja, imekaa ghalani kwa aliyeitengeneza, kwenye pipa halafu kwenye chupa, mpaka ikaanza kuiva ndo ikatolewa sokoni, nyingine imetoka mapema na kazi ya kuisubiri umeachiwa wewe mnunuzi, na kama hulijui hilo utafungua Bordeaux changa, utakunja uso, utasema Wafaransa wanasifiwa bure.

Mi naishi Bayonne, kona ya chini kabisa kusini magharibi mwa Ufaransa. Ukishika barabara ya kaskazini kama masaa mawili uko Bordeaux, ukivuka mpaka pale Irun ukapita milima ya Wabaski, watu wa pande zote mbili za mpaka, masaa mawili na ushee uko Haro, mji wa Rioja ambao maghala yake makubwa ya mvinyo yamezunguka stesheni ya treni. Watu wa huku wikendi wanavuka kwenda Hispania kununua vitu maana pombe na sigara bei iko chini, kwa hiyo chupa za pande zote mbili zipo kwenye makabati ya nyumba nyingi na ubishi haujawahi kuisha. Safari hii tukasema tuache kubishana kwa mdomo, tutafute chupa za miaka inayolingana, changa kwa changa, ya makamo kwa ya makamo, mzee kwa mzee, shemeji akae jikoni amimine yeye sisi tusione, tuletewe glasi mbili mbili tuseme tulichokipata. Mezani tulikuwa mimi, wifi yangu ambaye amezoea mvinyo mtamu wa Dodoma na ule wa Afrika Kusini, na mzee mmoja jirani yetu, Mbaski, ana ghala dogo chini ya nyumba yake lenye Bordeaux alizonunua tangu zilipotoka. Ile ya 2005 ya Kifaransa katoa yeye, Mungu ambariki.

Chupa zenyewe hizi hapa, namba ni mwaka wa mavuno. Za 2020: Cune Crianza ya CVNE, nyumba ya mvinyo pale Haro, na Château de La Dauphine ya Fronsac, upande wa kulia wa mto Dordogne. Za 2016: Viña Ardanza Reserva ya La Rioja Alta, na Château Chasse-Spleen ya Moulis, ndani ya eneo la Médoc huko huko Bordeaux. Za 2005: Viña Tondonia Reserva ya López de Heredia, na Château Cantemerle ya Haut-Médoc. Sikutafuta majina ya maelfu ya yuro, hizi ni chupa ambazo mtu wa kawaida akijibana kidogo anazipata. Cune upande wa Hispania ni kama yuro 8 tu, Dauphine karibu mara mbili ya hapo, Ardanza na Chasse-Spleen zote zinacheza kwenye 30 na kitu, za 2005 ndo zinauma, na zinazidi kuuma kadiri zinavyoadimika.

Sasa kabla ya kuonja ujue hawa ni ndugu kabisa. Karne ya 19 mashamba ya Ufaransa yalipigwa kwanza na ukungu wa mizabibu, halafu akaja filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi mpaka mti unakufa, wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa mzigo wakashuka Rioja kununua, na Haro ilikuwa na reli. Walikuja na namna yao ya kukuza mvinyo kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, pipa moja linatoa chupa kama 300 hivi. López de Heredia ilianza 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890, zote tatu ziko mtaa mmoja pale stesheni, unatoka moja unaingia nyingine kwa mguu. Filoksera alikuja kufika Rioja 1899, wakati huo Wafaransa walishajua dawa ni kupandikiza mizabibu yao kwenye mashina ya Kimarekani, wakarudi kwao. Lakini ile desturi ya pipa ikabaki Rioja, na wakaibeba kwa muda mrefu kuliko hata waliowafundisha. Bordeaux ya leo inakaa kwenye pipa mwaka mmoja, mwaka na nusu, basi. Tondonia Reserva inakaa miaka 6 kwenye pipa! Miaka 6, halafu bado inapumzika kwenye chupa ndo uione dukani.

Na Wahispania wamekurahisishia, wamekuandikia kwenye karatasi ya nyuma ya chupa. Rioja nyekundu ikiandikwa Crianza maana yake ina angalau miaka 2 tangu mavuno na mmoja kati ya hiyo ni wa pipa, Reserva ni miaka 3 na mmoja wa pipa, Gran Reserva ni 5 na miwili ya pipa. Hicho ni kiwango cha chini tu, nyumba za zamani kama hizi zinapita mbali sana. Bordeaux hakuna kitu kama hicho, hapo unasoma jina la shamba na mwaka, basi, mengine ujue mwenyewe. Na yale mashamba makubwa yanauza mvinyo ukiwa bado kwenye pipa, majira ya kuchipua baada ya mavuno, mnunuzi analipa leo chupa anakuja kuipata baada ya mwaka mmoja na zaidi, na hata akiipata mara nyingi bado siyo ya kunywa. Kwa hiyo yule mwenye ghala la chini, lenye baridi, aliyenunua mapema akasahau, ndo anayeifaidi Bordeaux. Mzee jirani yetu ni wa aina hiyo. Sisi wengine tunaoishi ghorofani na friji moja, hapana.

Tuje kwenye glasi.

Za 2020. Kwa macho tu zilikuwa zinafanana, zote nyekundu za damu ya mzee, ila moja pembeni kwenye ukingo wa glasi ilikuwa na uzambarau zaidi. Hiyo yenye uzambarau ilinukia zambarau mbivu kabisa na kwa mbali chokoleti, harufu tamu, ukainywa sasa, ulimi unakauka, ufizi unakauka, ukakasi kama umekula bibo. Wifi akaiweka chini akasema hii imeniuma. Ya pili ilinukia cheri na vanila, nyepesi, inateleza, uchachu wake wa kuchangamsha, unameza unataka tena. Tulipoambiwa, ya kwanza ni Dauphine, ya pili Cune. Na huo ukakasi siyo ubaya wa mvinyo, ni tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kidogo kwenye mbao, na zabibu ya Merlot ya Fronsac ina udongo wa mfinyanzi na chokaa chini yake na jua la 2020 lilikuwa kali, imebeba mwili mkubwa. Nilipokula nayo kipande cha mbuzi chenye mafuta ikatulia mara moja, tofauti kabisa. Ila kama unafungua chupa jioni unywe na karanga, Cune, hakuna mjadala, na bei ni nusu.

Za 2016 ndo nilizisubiri kwa hamu maana kwenye karatasi hii ndo jozi ya haki zaidi. Bei sawa, mwaka sawa, na 2016 Bordeaux ni mwaka unaosifiwa sana, mvua zilinyesha mwanzoni halafu kiangazi kikawa kikavu, zabibu zikaiva polepole. Tukamwomba shemeji aimwage moja moja kwenye jagi la kioo lisaa limoja kabla.

Glasi ya kushoto, ukiinamisha juu ya karatasi nyeupe, pembeni imeshaanza kugeuka, wekundu unaelekea rangi ya tofali. Pua ikaingia, mbata, vanila, tumbaku kavu, halafu nyuma yake cheri iliyokauka na kitu kama ganda la chungwa. Mdomoni laini, siyo laini ya kulegea, bado ina uti wa mgongo, uchachu unaishika, na ladha inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Wifi, huyu ambaye dakika kumi nyuma alikuwa anaulizia soda, akasema jamani hii naweza kunywa mpaka asubuhi. Hiyo ni Ardanza. Ni zabibu za Tempranillo asilimia 80 na Garnacha 20, imekaa karibu miaka 3 kwenye mapipa ya mwaloni wa Kimarekani ambayo nyumba yenyewe inatengeneza, na wanahamisha mvinyo kutoka pipa moja kwenda lingine kwa mkono, kwa mwanga wa mshumaa, ili kuacha mashapo chini. Hiyo mbata unayoisikia ni ya mwaloni wa Kimarekani, una mafuta yenye harufu ya nazi kuliko mwaloni wa Kifaransa. Na kila ukihamisha pipa, hewa kidogo inaingia, na hewa kidogo kidogo ndo inalainisha ile tanini.

Glasi ya kulia rangi nzito, imefunga, pembeni hakuna dalili ya uzee. Harufu ikawa inakuja na kuondoka, mara Ribena, mara penseli iliyochongwa sasa hivi, mara inazima kabisa. Mdomoni unahisi vitu vingi viko ndani ila mlango umefungwa, tanini imesimama mbele, nzuri, ya unga unga wa kusagwa vizuri, ila imesimama. Chasse-Spleen hiyo. Mzee jirani hakubabaika, akazungusha glasi yake akasema hii mnaionea, irudini baada ya miaka kumi. Na namwamini, kwa sababu zabibu ya Cabernet Sauvignon ya kokoto za Médoc ndivyo ilivyo, punje ndogo, ganda nene, na hii ni ya shamba ambalo halimo kwenye ile orodha ya 1855 iliyoyapanga mashamba ya Bordeaux kwa madaraja matano, lakini watu wa Bordeaux wanaiheshimu kama imo. Sema sisi tulikuwa tunahukumu jioni ile, siyo miaka kumi ijayo. Ardanza ilishinda, na haikushinda kwa kidogo.

Hapa katikati nilikuwa nimeweka chupa ya ziada, Burgundy ya makamo, ya Ufaransa pia, nikasema tubadilishe hewa kidogo na zabibu ya Pinot Noir. Shemeji akaimimina, nikainusa, karatasi ya boksi iliyolowa. Nikampa mzee, akatikisa kichwa. Kizibo kilikuwa kimeugua, kuna kemikali inaitwa TCA inazaliwa kwenye kizibo cha gome na inaua matunda yote kwenye mvinyo hata ikiwa kidogo mno. Haidhuru mwili ila hainyweki kwa raha, na haijali bei wala umri. Tukaimwaga. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wakikutana na chupa ya hivyo wanadhani ndo ladha ya mvinyo wa gharama, wananyamaza wanakunywa kwa heshima. Usinywe kwa heshima, inusishe kwa mwenzako, ikiwa ni boksi lililolowa irudishe dukani au mwambie mhudumu, wenye kazi yao wanaijua.

Haya, wazee sasa. 2005.

Mwaka huu pande zote mbili ulikuwa mkubwa. Baraza la Rioja liliupa daraja la juu kabisa, na Bordeaux ukame wa mwaka ule ulitoa mvinyo wenye tanini nyingi sana ambao watu walikuwa wanajiuliza utafunguka lini. Vizibo vya umri huo havitaki skrubu ya kawaida, ukizungusha vinakatika vikaanguka ndani, mzee alikuja na kile kifungulio chake cha ncha mbili, zile blade mbili unaziteleza pembeni mwa kizibo, moja kwanza halafu ya pili, unabembeleza kushoto kulia mpaka zimezama, ndo unavuta huku unazungusha. Kizibo cha Cantemerle kilitoka kizima, nusu yake ya chini nyeusi tii. Chupa ilikuwa imesimamishwa wima tangu juzi ili mashapo yakae chini, maana tanini na rangi zikishikana miaka yote hiyo zinakuwa nzito zinazama, ndo ule unga mweusi wa mwisho wa chupa. Shemeji akashika tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, mzee akamimina polepole bila kusimama hata mara moja, mpaka ule uzi mweusi ulipoanza kusogea kwenye shingo, akakata. Kilichobaki kwenye chupa kama vidole viwili, hakimiminwi.

Glasi ya kwanza tuliyoletewa rangi yake tofali iliyofifia, pembeni karibu rangi ya chai ya rangi. Harufu yake sijui niiandikeje ifike huko. Tende, kungumanga, ngozi ya zamani, chungwa lililokauka, na chini kabisa kitu cha uchachu kama ukwaju kinachofanya mate yajae kabla hujainywa. Mdomoni nyepesi kuliko ulivyotegemea, karibu haina uzito, lakini inapita inaacha mstari mrefu. Hakuna tanini ya kuuma hata kidogo. Hii ni Tondonia, na ukiijua nyumba ile unaijua kwa pua, hakuna mwingine anayefanya hivi.

Ya pili nyeusi zaidi, bado ina wekundu katikati. Ilipofika haikusema kitu. Nikaanza kusikitika kwa niaba ya mzee, maana katoa chupa yake aliyoitunza. Mzee akasema ngojeni. Tukala. Tukairudia baada ya kama nusu saa, ikawa imeanza, penseli, majani makavu ya tumbaku, udongo uliolowa mvua ya kwanza. Baadaye tena, uyoga, halafu katikati ya uyoga ile Ribena ikarudi, safi, tamu, mvinyo wa miaka 20 una tunda kama la juzi! Tanini ipo bado ila imegeuka kitambaa, unaihisi ulimini inapita bila kukwaruza. Kila nikiinua glasi nakuta kitu kipya, na kila kitu kimekaa mahali pake. Cantemerle hii kwenye ile orodha ya 1855 ni daraja la tano, la mwisho, tena jina lake liliongezwa mwishoni baada ya mengine kuandikwa. Daraja la mwisho ndo hili.

Wifi kura yake akampa Tondonia, na namwelewa, Tondonia inakukaribisha toka dakika ya kwanza. Mzee akasema hachagui, yeye Mbaski, kalelewa na zote. Mi nampa Cantemerle. Na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye pesa yake nyingi inaenda Rioja, kwa sababu Rioja ile ilikuwa nzuri vile vile mwanzo mpaka mwisho wa jioni, ila Bordeaux ilitembea. Sijawahi kuona chupa inabadilika hivyo mbele yangu, na sasa naelewa kwa nini watu wanakubali kukaa na kitu ghalani miaka 20.

Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu nini mtu anunue. Kama huna mahali pa baridi pa kutunzia, usinunue Bordeaux changa ya Médoc ukitegemea kuikuza, nunua Rioja Reserva au Gran Reserva ambayo imeshakuzwa na mwenyewe. Imperial Gran Reserva ya CVNE, ile ya 2004, jarida la Wine Spectator la Marekani mwaka 2013 liliitaja kuwa mvinyo bora wa mwaka huo, na ilikuwa chupa ambayo haikaribii hata kidogo bei za vigogo wa Bordeaux. Umri kwa Hispania bado ni bei rahisi, hiyo ndo sababu yangu kubwa ya kuvuka mpaka. Ukitaka Bordeaux ya kunywa leo basi tafuta yenye Merlot nyingi ya upande wa kulia na uipe chakula, au tafuta duka linalouza chupa zilizokaa, miaka ya 2009 huko kurudi nyuma, na uulize zimetunzwa wapi kabla hujatoa hela.

Hili la utunzaji kwa mlioko Dar, Mombasa, Zanzibar, Muscat, ni la msingi kuliko jina la chupa. Mvinyo unataka giza na nyuzi 12 mpaka 14 hivi zisizopandapanda, ukikaa kwenye shelfu la duka lenye nyuzi 30 mchana na AC inayozimwa usiku, unapikika, matunda yanageuka jamu, kizibo kinasukumwa juu. Ukiona kizibo kimevimba kimeinua ile karatasi ya juu, au pembeni kuna alama ya mvinyo uliovuja, achana nayo hata wakikupunguzia bei. Na wakati wa kunywa usiamini ile habari ya kwamba nyekundu inanywewa kwa joto la kawaida la chumba, chumba wanachosema wao ni nyuzi 16 mpaka 18, siyo sebule ya Kariakoo, iweke kwenye friji dakika ishirini hivi kwanza.

Chakula, haraka haraka. Rioja kwao wanachoma vibavu vya mwanakondoo juu ya matawi makavu ya mzabibu, tulifanya hivyo hivyo nje, na Ardanza na vile vibavu vilikuwa kitu kimoja. Jibini la kondoo la huku milimani, Ossau-Iraty, linakwenda na zote. Na wifi alikuwa amepika pilau, ile ya kwetu yenye karafuu, mdalasini na bizari nzima, na hapo nikaona kitu nitakachokirudia, Tondonia na pilau vinaongea lugha moja, viungo vya kwenye sahani vinakutana na viungo vya kwenye glasi. Cantemerle na pilau hapana, karafuu iliifunika, ile inataka nyama na chumvi tu.

Kesho yake mchana nilizirudia zote, maana kila chupa nilikuwa nimeibakishia kidogo nikaiziba na kuiweka kwenye friji. Cune ilikuwa imechoka kidogo, inanyweka. Dauphine ilikuwa imelainika, nzuri kuliko jana yake. Cantemerle ilikuwa imekwisha, harufu imebaki ya majani makavu tu, mzee alinionya kwamba chupa ya umri ule inamalizwa siku ile ile. Tondonia haikutikisika, ni kama ilikuwa haijaguswa, miaka 6 ya pipa imeshaizoesha hewa. Na Chasse-Spleen, ile iliyotufungia mlango, ilikuwa imefunguka yote, Ribena, penseli, mwerezi, tamu ya tunda mpaka mwisho, nikasimama nayo pale jikoni nikaimaliza. Nimeshamwomba mzee nafasi ya boksi moja kwenye ghala lake, chupa sita za 2016 hiyo hiyo, na amekubali kwa sharti moja tu, siku ya kuifungua ya kwanza awepo.